Malezi Katika Kambi za Shaba: Baba, Kampuni na Lugha ya Nyumbani

Kitenzi kulea cha Kiswahili kina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu, lakini ndugu hao hawakubaliani juu ya maana. Katika Kiluba cha Kasai, kulela ni kuzaa, na wazazi huitwa baledi, yaani wale waliozaa. Katika Kibemba, kulela ni kumtunza mtoto, kumbeba na kumbembeleza, na tendo la kuzaa lina kitenzi chake kingine. Kiswahili kimefuata njia hiyo ya pili na kuipanua: mlezi si lazima awe mzazi, na mtu anaweza kuzaa watoto kumi asilee hata mmoja. Msemaji wa Kiluba anaposikia kwamba shangazi fulani amemlea mtoto wa kaka yake, sikio lake la kwanza linaweza kushtuka kidogo.

Tofauti hiyo ingebaki kuwa jambo la kamusi tu kama wasemaji wa lugha hizo wasingekutana uani pamoja. Lakini walikutana. Tangu miaka ya 1920 Waluba wa Kasai, Waluba wa Katanga, Wabemba, Walamba, Wasonge, Wanyarwanda na wengine wengi walipangwa nyumba kwa nyumba katika kambi za Union Minière du Haut-Katanga, na humo wakapata watoto. Ilibidi wakubaliane, kwa maneno na kwa vitendo, juu ya maswali ambayo kijijini hayakuulizwa: mtoto ni wa nani? Nani ana haki ya kumkanya? Ataongea lugha gani? Ataachishwa ziwa lini? Majibu waliyoyapata hayakuwa ya kijiji chochote, wala hayakuwa ya Ubelgiji. Makala haya yanachunguza majibu hayo, kwa kuwa ni vigumu kupata katika Afrika ya Kati mfano ulio wazi zaidi wa jinsi malezi yanavyobadilika wazazi wanapohamia katika jamii mpya.

Wataalamu wa elimu ya binadamu wamekuwa na jina la jambo hili tangu zamani. Mwaka 1936 Redfield, Linton na Herskovits walieleza kwamba pale makundi yenye mila tofauti yanapokutana moja kwa moja na kwa muda mrefu, mila za kundi moja au za yote mawili hubadilika. Neno la kuzingatia ni «yote mawili», nalo husahaulika mara kwa mara. Kuhusu malezi hasa, Robert LeVine, aliyefanya utafiti kwa Wagusii wa Kenya, alipendekeza mwaka 1974 kwamba wazazi wa mahali popote wana malengo ya ngazi tatu: kwanza mtoto aishi na awe na afya, pili aweze kujitegemea atakapokuwa mtu mzima, tatu awe na tabia ambayo jamii yake inaiheshimu. Palipo na vifo vingi vya watoto, lengo la kwanza hutawala mengine. Katika kitabu alichokitoa na wenzake mwaka 1994, LeVine alionyesha kwamba mama wa Kigusii huitikia upesi kilio cha mtoto mchanga, humbeba na kumnyonyesha mara kwa mara, lakini haongei naye sana. Mama wa Boston huongea na mchanga wake kama na mgeni wa heshima. Wote wawili ni walezi wema. Kila mmoja anamwandaa mwana kwa dunia anayoijua.

Ugumu huanza pale mzazi anapoijua dunia moja na mtoto akazaliwa katika nyingine.

Kutoka mtu wa mkataba hadi mwenye nyumba

Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza ikayeyushwa. Katika miaka hiyo ya mwanzo hapakuwa na swala la malezi kambini, kwa sababu hapakuwa na watoto wengi. Wafanyakazi walikuwa wanaume waliokuja kwa mikataba ya miezi michache, wengi wao kutoka Rhodesia ya Kaskazini au waliokusanywa na Bourse du Travail du Katanga. Walifanya kazi, waliugua, walikufa kwa wingi, na waliobaki hai walirudi kwao. Malezi yaliendelea kijijini bila wao, mikononi mwa wake, wajomba na bibi.

Mabadiliko yalikuja kati ya mwaka 1925 na 1928. Serikali ilikuwa imeanza kuzuia watu wasiondolewe ovyo vijijini, makampuni mengine yaligombea wafanyakazi walewale, na kumleta mtu mpya kila baada ya miezi sita kulikuwa na gharama kubwa. Kampuni ikaamua kuwatuliza watu wake mahali pamoja: mikataba ya miaka mitatu, nyumba za matofali, na ruhusa, au tuseme kishawishi, cha kuja na mke. Watu waliletwa kutoka Ruanda-Urundi na, kwa wingi zaidi, kutoka Kasai na Lomami. Reli ya Bukama hadi Port-Francqui, iliyofunguliwa mwaka 1928, iliifanya safari ya Waluba kuwa nyepesi. Mporomoko wa uchumi wa 1930 hadi 1932 ulirudisha wengi makwao, lakini siasa yenyewe haikubadilika.

Nia haikufichwa. Daktari Léopold Mottoulle, aliyeongoza idara ya wafanyakazi weusi, alieleza katika ripoti yake ya 1946 matunda ya miaka ishirini ya kazi hiyo. Mtoto anayezaliwa kambini, akinyweshwa maziwa ya kampuni, akitibiwa na daktari wa kampuni na kusomeshwa na mapadre wa Kibenedikti katika shule za kampuni, atakuwa mfanyakazi bora kuliko baba yake, na hatalazimika kutafutwa mbali. Katika maandishi hayohayo Mottoulle anamwona mtu mweusi kama mwenye roho ya kitoto, inayofinyangwa na mlezi wake Mzungu. Msomaji wa leo huudhika kwa maneno hayo, na ni haki. Lakini yana faida moja kwa mchunguzi, kwa sababu yanataja wazi kile ambacho siasa yote ilikifanya kimyakimya. Kampuni haikutaka kumsaidia baba kulea. Ilitaka kumlea baba pamoja na watoto wake.

Baba mwenye jina, baba asiye na neno

Watu waliofika walikuwa na desturi mbili kubwa kuhusu umiliki wa mtoto. Kwa Waluba na kwa Wanyarwanda, mtoto ni wa ukoo wa baba. Mahari yaliyotolewa ndiyo yanayomfunga huko. Kwa Wabemba, Walamba na majirani zao wa kusini, mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba humpenda, humlisha, lakini neno la mwisho juu ya ndoa yake, kosa lake au ugonjwa wake liko kwa mjomba, ndugu wa mama. Watu wa desturi hizi mbili walipooana kambini, jambo lililotokea tangu mapema kwa kuwa Waluba vijana waliwakuta hapo wasichana wa kusini, mtoto alipata ama mabwana wawili ama hata mmoja.

Kampuni ilikata shauri bila kuulizwa. Katika daftari zake mke na watoto waliandikwa chini ya jina la mfanyakazi. Posho yao ilitoka kwa sababu yeye yupo kazini. Nyumba ilikuwa yake maadamu ana mkataba. Mjomba hakuwa na mstari katika daftari hilo. Alikuwa mgeni, na mgeni wa kambi alihitaji ruhusa ya kulala. Hivyo kwa miaka michache tu desturi ya kale ya ukoo wa mama ilipoteza nguvu, si kwa mahubiri wala kwa sheria, bali kwa utaratibu wa kugawa unga. (Mapadre walihubiri pia, bila shaka, ila ni vigumu kuamini kwamba mahubiri yangefika mbali bila unga.)

Ingedhaniwa basi kwamba baba ndiye aliyefaidika. Kwenye karatasi alifaidika. Lakini mamlaka aliyonyang'anywa mjomba hayakufika mikononi mwa baba. Yalisimama njiani, kwa mkuu wa kambi, ambaye wafanyakazi walimpa jina la Changachanga, mwenye kukusanya na kuchanganya watu. Mtoto asipokwenda shule, baba aliulizwa na aliweza kuadhibiwa. Mke akigombana na jirani kwa sababu ya watoto, shauri lilipelekwa ofisini. Mtoto aliona tangu udogo kwamba mtu anayemwogopa nyumbani anamwogopa mtu mwingine nje. Na chakula alichokula hakikuvunwa na baba wala na mama, kilitoka dukani mwa kampuni kwa kipimo. Kijijini, heshima kwa baba iliegemea vitu vinavyoonekana: shamba, mifugo, ujuzi wa kuwinda au kufua chuma, ambavyo mwana atavihitaji. Kambini baba hakuwa na cha kumrithisha mwanawe ila nafasi ya kuandikwa kazini, na nafasi hiyo ilikuwa ya kampuni kuitoa.

Wakati mwingine sura hii ya ubaba ilipasuka hadharani. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Elisabethville waligoma wakidai mshahara, na askari wakawafyatulia risasi katika uwanja wa mpira. Léonard Mpoyi, msemaji wao, aliuawa. Hata hivyo mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyekusanya kwa miaka mingi masimulizi ya wafanyakazi na wajane wao, ameonyesha kwamba katika kumbukumbu za wengi kampuni imebaki baba na mama kwa pamoja. Hilo lisichukuliwe kuwa ujinga wa watu. Walikuwa wanataja kwa usahihi nani aliyelisha watoto wao.

Ziwa, uji na nafasi kati ya watoto

Hapana mahali ambapo mabadiliko yaliingia ndani zaidi kuliko katika unyonyeshaji. Karibu makabila yote yaliyofika kambini yalikuwa na desturi ya mama kunyonyesha miaka miwili au zaidi, na katika muda huo, au sehemu yake kubwa, kujitenga na mumewe. Waswahili wa pwani wana kitenzi maalumu kwa kosa la kuvunja mwiko huo: kumbemenda mtoto, yaani kumdhoofisha mchanga kwa kukutana kimwili kabla ya wakati wake. Elimu ya tiba haikubali maelezo ya namna mwiko unavyofanya kazi, lakini inakubali hatari yenyewe. Daktari Cicely Williams, alipoueleza ugonjwa wa utapiamlo wa watoto huko Gold Coast katika miaka ya 1930, aliupa jina la Kiga, kwashiorkor, ambalo ni ugonjwa wa mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake anakuja. Wagiriama, Waga au Waluba, akina mama walikuwa wameliona jambo hilohilo.

Desturi hiyo ilikuwa na nguzo zake. Mama aliweza kurudi kwa wazazi wake kujifungua na kukaa huko. Mume mwenye wake wawili hakulazimika kusubiri. Bibi alilala chumba kimoja na mzazi na kulinda mwiko. Kambini nguzo hizo ziling'olewa moja moja. Nyumba ilikuwa ya mume mmoja na mke mmoja, na tangu mwaka 1950 ndoa mpya za wake wengi zilikatazwa na sheria katika koloni nzima. Bibi alibaki Kasai, mwendo wa siku nyingi. Na kampuni, iliyotaka watoto wengi, ilitoa maziwa na uji ili mchanga aachishwe mapema, ikawaita akina mama mbele ya mizani kila baada ya muda uliopangwa kupima uzito wa watoto. Nancy Rose Hunt, katika makala yake ya 1988 juu ya jambo hili, ameonyesha jinsi Wabelgiji walivyouona mwiko wa kale kuwa kizuizi cha uzazi, na jinsi mabibi wa Kizungu walivyotumwa kuwafundisha akina mama wa Kongo kunyonyesha kwa saa.

Matokeo yake yalikuwa na pande mbili, na haifai kuficha hata mmoja. Watoto wa kambi waliishi. Matibabu, maji safi na chakula cha hakika vilipunguza vifo ambavyo kijijini vilihesabiwa kuwa majaliwa. Kwa kipimo cha LeVine, lengo la kwanza la wazazi lilitimizwa kwa kiasi ambacho babu zao hawakukiota, na akina mama wengi waliukubali uji wa kampuni kwa moyo mmoja, si kwa kulazimishwa. Lakini watoto walikuja karibu karibu, na mama mwenye watatu chini ya miaka mitano hakuwa na mikono ya kuwabeba.

Katika Kiswahili cha Lubumbashi, yaya ni ndugu mkubwa, wa kiume au wa kike. Neno limeingia kutoka Kiluba. Pwani, yaya ni mtumishi anayelipwa kumtunza mtoto, na asili ya neno hilo ni Kireno. Mgeni kutoka Dar es Salaam anayesikia kijana wa Lubumbashi akimwita dada yake «yaya» hudhani kuna dharau. Lakini maneno haya mawili ya asili tofauti yamekutana kwa kazi: kijijini yaya wa Kiluba ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni mchana kutwa mama akiwa shambani. Kambini yaya alitakiwa shuleni. Kampuni ilimwongezea mama watoto na wakati huohuo ikamwondolea mlezi wao wa pili. Methali ya mkono mmoja haulei mwana husemwa sana siku za sherehe; mama wa kambi ya mwaka 1935 alikuwa na mkono mmoja kweli.

Majina

Katika majina ya watoto wazazi walisimama imara kuliko kwingine kote. Kampuni iliweza kupanga chakula, shule na saa ya kulala, lakini haikuweza kuamua kwamba pacha wa kwanza wa Mluba wa Kasai asiitwe Mbuyi na wa pili Kabanga, au kwamba Waluba wa Katanga wasiwaite wao Kyungu na Kabange. Jina la pacha halichaguliwi. Mtoto huja nalo. Vivyo hivyo jina Mujinga hupewa mtoto aliyezaliwa na kitovu kimemzunguka shingoni, na shina lake ni ndugu wa kitenzi cha Kiswahili kuzinga. Masikini Mujinga akivuka ziwa kwenda Kigoma hupata taabu ya kueleza kwamba wazazi wake hawakumtukana.

Ubatizo uliongeza jina la mtakatifu. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ikayafuta majina hayo ya kigeni kwa siasa ya uhalisi, na raia wakalazimika kutafuta majina ya mababu. Kwa wazazi wa kambi agizo hilo halikuwa gumu sana, kwa sababu majina ya mababu yalikuwapo muda wote. Yalikuwa yanatumika uani hata pale ofisini walipoandika Joseph. Kwa watoto wa ndoa za makabila mawili swali lilikuwa gumu zaidi: mababu wa upande upi? Mara nyingi upande wa baba ulishinda, kama ulivyokwisha kushinda katika daftari la posho.

Lugha ya kazi yaingia jikoni

Kiswahili hakikuwa lugha ya mama ya mtu yeyote kati ya waliofika na mikataba ya kwanza, au tuseme ya wachache mno. Kilikuwa lugha ya amri na ya kuelewana kazini, ambayo kampuni na mapadre waliipendelea badala ya lahaja ya Kifanagalo iliyokuja na reli kutoka kusini. Johannes Fabian ameeleza historia hiyo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1986. Hatua ambayo wakuu hawakuipanga ni ile ya watoto. Mtoto wa Mluba na mtoto wa Mbemba walicheza pamoja mbele ya nyumba, na mchezo ulihitaji lugha. Waliirudisha nyumbani jioni, na mama, aliyekuwa anajua maneno ya sokoni tu, akaanza kujifunza kutoka kwa mwanawe.

Tukio hilo dogo lina uzito. Katika jamii nyingi lugha hushuka kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto, na pamoja nayo hushuka adabu, mafumbo, namna ya kumsalimu mkwe. Kambini lugha ilipanda kinyume. Mtoto alikuwa fundi wa Kiswahili, kisha baada ya miaka michache ya shule akawa pia mwenye Kifaransa kidogo, na mzazi akawa mwanafunzi. Mama aliyetaka kukaripia kwa ukali alirudi kwenye Kiluba chake, na mtoto aliyetaka kukwepa alijifanya hajasikia.

Lakini isidhaniwe kwamba Kiswahili hicho kilibaki kitupu cha mapenzi kwa kuwa kilizaliwa kazini. Watoto na mama zao walikijaza. Kiambishi ka-, pamoja na wingi wake tu-, viliingia kutoka lugha za nyumbani vikachukua nafasi ya ki- na vi- vya udogo: katoto, tutoto, na ndani ya silabi hizo upo ule ulaini wa sauti ambao mama wa Kiluba au wa Kibemba alikuwa nao tangu zamani. Mama mkubwa na mama mdogo, baba mkubwa na baba mdogo vilibaki, kwa sababu lugha zote zilizokutana zilikuwa na fikira hiyohiyo ya kwamba dada wa mama ni mama.

Kifaransa ndicho kilichovuruga hapa, na madhara yake yanaonekana hadi leo. Neno «tantini» linamtaja dada wa baba, dada wa mama, mke wa mjomba, na hata rafiki wa mama anayepita kuazima chumvi. Kwa Waluba, dada wa baba ni «baba wa kike». Kiluba husema hivyo wazi, tatu mukaji. Ana haki ya kukaripia, ya kushauriwa juu ya mahari. Dada wa mama ni mama, na kwake mtoto hukimbilia anapokaripiwa. Mtoto anayewaita wote wawili tantini bado anaweza kujifunza tofauti yao, lakini lugha haimsaidii tena, inabidi aelezwe. Katika mafunzo ya wasichana jambo hili lina gharama. Miongoni mwa Wabemba mafunzo hayo yalikuwa na sherehe yake kamili, chisungu, ambayo Audrey Richards aliiona mwaka 1931 na kuieleza katika kitabu cha 1956. Mjini sherehe imefupishwa ikawa mashauri ya siku chache kabla ya harusi, na mtoa mashauri ni tantini yeyote anayepatikana.

Baba anapoondoka

Union Minière ilitaifishwa kuanzia tarehe 1 Januari 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines. Kwa familia za kambi mambo hayakubadilika mara moja: hospitali, shule na posho viliendelea chini ya bendera nyingine. Kilichobadilisha maisha ni kuporomoka kwa uzalishaji baada ya mgodi wa Kamoto kubomoka mwaka 1990. Shaba iliyochimbwa ilishuka ikawa sehemu ndogo tu ya ile ya miaka ya 1980, mishahara ikacheleweshwa miezi na miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa «kuondoka kwa hiari» uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Kitabu cha Dibwe cha mwaka 2001 kinaitwa Bana Shaba abandonnés par leur père, watoto wa Shaba walioachwa na baba yao, na baba huyo ni kampuni.

Wakati huo ndipo deni la miaka sabini lilipodaiwa. Baba wa nyumbani, ambaye mamlaka yake yalikuwa kivuli cha mamlaka ya kampuni, alibaki bila mshahara na bila kivuli. Akina mama, waliofundishwa katika vituo vya kijamii kufuma na kupamba meza, walitoka kwenda sokoni, mashambani na safarini, wakawa walishaji. Watoto waliacha shule wakauza maji na mkaa, au walichimba madini kwa mikono. Mtoto anayeleta chakula jioni ni vigumu kumtuma akaoge. Baadhi ya waandishi wamelieleza hilo kuwa uharibifu wa maadili ya Kiafrika. Maelezo hayo ni mepesi mno. Maadili yaliyoharibika yalikuwa ya kambi, na kambi ilikuwa imekwisha kuyavunja yale yaliyotangulia. Waliolipa ni watoto waliokuwa mahali ambapo jengo la kwanza halipo tena na la pili limeanguka.

Kwa wale wenye asili ya Kasai pigo lilikuwa mara mbili. Mwaka 1992 na 1993 malaki ya watu walifukuzwa Katanga, wakajaa katika vituo vya reli vya Likasi na Kolwezi wakingojea gari la moshi kwenda nchi ambayo wengi wao hawajaiona kamwe. Watoto waliokulia Kiswahili waliingia shule za Mwene-Ditu na Mbuji-Mayi ambako wenzao waliongea Kiluba. Wazazi waliodhani wanarudi nyumbani waligundua kwamba wamehamia ugenini kwa mara ya pili, na safari hii watoto hawakuwa na mchezo wa pamoja wa kuwaunganisha. Hapo lugha ya kambi, iliyokuwa ya kila mtu, ikawa alama ya kumtambulisha mgeni.

Sheria nayo ina yake ya kusema. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inataka kila mtoto awe na baba. Pale ambapo baba hajulikani, mahakama huteua baba wa kisheria, na inamtafuta kwanza miongoni mwa jamaa za mama. Wanasheria hawakutumia neno mjomba. Hata hivyo Mbemba anayesoma kifungu hicho anamtambua mara moja: ni yule mgeni aliyeomba ruhusa ya kulala kambini, amerudi kwa mlango wa mahakama.

Wajukuu wa kambi sasa wako mbali zaidi. Wapo Brussels na Johannesburg, na pamoja na wakimbizi wa Kivu na Tanganyika waliopitia kambi za Tanzania, Burundi na Uganda, wapo katika miji ya Kanada na Marekani. Huko hofu ya kwanza ya wazazi si utapiamlo tena. Ni kwamba kofi moja linaweza kumleta mtumishi wa serikali mlangoni. Wengine hukaa kimya kabisa, wasimkanye mtoto kwa lolote, na mtoto huufasiri ukimya huo kuwa kutojali. Wengine hushika ukali wa zamani kwa siri. Wapo pia wanaogundua njia ya tatu, ya kuzungumza na mtoto kwa kirefu, jambo ambalo mama wa Boston aliliona la kawaida na mama wa Kigusii la ajabu, na huchukua muda kuzoea kwamba mtoto anayejibu si lazima awe mtovu wa adabu. Barua za shule na za daktari zinafika kwa Kiingereza, na mtoto ndiye anayezisoma na kuzitafsiri, zikiwemo zile zinazomshtaki yeye mwenyewe. Bibi wa kambi ya mwaka 1935, aliyejifunza Kiswahili kwa mwanawe, angeelewa hali hiyo bila kufafanuliwa. Tofauti ni kwamba lugha ambayo mzazi wa leo anapigania isipotee mezani, anayomsihi mtoto ajibu kwayo, ni kile Kiswahili ambacho bibi huyo alikisikia mara ya kwanza kikitoka kinywani mwa msimamizi wa kazi.